Kidole cha Ummi

Jairus alikuwa amemkamata Ummi kidole cha shahada na anakipinda kwenda nyuma. Mama wa watu amepiga magoti kwenye mchanga wa uwanja wa shule, buibui limejaa vumbi. Alikuwa akiuma midomo tu.

"Mnakiona hiki kidole cheusi?" Jairus aliwauliza wazazi waliopanga foleni. "Huyu ashapiga kura asubuhi. Alikuja amejifunika uso, lakini viatu ndivyo hivi."

"Hii ni piko, rangi ya kujipamba tu," Ummi alisema. "Juzi tulikuwa na arusi ya mdogo wangu. Tazama na vingine basi."

Alinyoosha mkono wa pili. Vidole vyote vilikuwa vyeusi hadi kwenye pingili ya kwanza. Wazazi wakaguna. Viatu vile nusu ya kina mama wa shule walikuwa navyo, na piko isiyopakwa arusini itapakwa lini? Jairus hakukiachia kidole. Alizidi kukipinda.

Onesmus, aliyekuwa akigombea na Jairus uenyekiti wa bodi ya shule, hakungoja zaidi. Alimpiga Jairus kichwa cha pua, akasikia mfupa ukivunjika, na damu ikawarukia wote wawili.

Hapo ndipo palipochafuka. Wapambe wa Jairus walimvamia Onesmus kama waliokuwa wakingoja ishara. Mmoja alimshushia kiti cha chuma mgongoni, mwingine akamtia teke la mbavu. Onesmus alikuwa mlinzi wa maghala kule Dubai Investments Park, na alijua vizuri kwamba katika nchi hii mtu akipigana, ashinde asishinde, anapandishwa ndege. Alijua hayo yote, na akapiga vilevile.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita mwalimu mmoja wa shule hii, shemeji yake Jairus, alimzaba makofi Daisy, binti wa Onesmus, mpaka sikio la kushoto likatoka damu na halikusikia tena. Onesmus akaenda kulia na bodi ya shule. Jairus, mwenyekiti, hata macho hakuinua.

"Sisi tumeteuliwa na arbab, mwenye shule," alisema. "Wewe hukunichagua, kwa hivyo huna la kuniuliza."

Neno hilo lilimkaa Onesmus kooni mwaka mzima. Alimganda mwenye shule, Bwana Fawaz, Mwarabu aliyezaliwa na kukulia Unguja, mpaka mzee akachoka naye na kukubali wazazi waichague bodi wenyewe. Lakini alimwekea sharti.

"Nakupa uchaguzi wako, mwanangu. Ila ikiibiwa kura moja tu, khalas. Nitateua mwenyewe kama zamani, na Jairus atakaa pale pale."

Wazazi walikataa katakata kuandikisha majina, maana visa za wengi zilikuwa na mambo. Onesmus ndiye aliyeleta fikra ya wino. Kwao Kenya ukipiga kura unachovya kidole, basi, hurudi tena. Alijivunia fikra hiyo. Januari ya mwaka huo, 2008, mama yake alikuwa amechomewa nyumba huko Burnt Forest kwa sababu ya kura zilizogombaniwa, akalala kanisani na blanketi moja. Onesmus aliapa kwamba huu uchaguzi mmoja, ijapokuwa ni wa shule tu, utakuwa safi.

Sasa alimkalia Jairus kifuani na kumpiga, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na kila ngumi aliliona sikio la Daisy. Wapambe walipoona wazazi wameanza kuokota mawe, walirudi nyuma hadi getini.

"Viatu," Jairus alisema kwa shida, damu ikimtoka mdomoni. "Nakwambia, mtazame vi..."

Onesmus akampiga ya taya. Taya likahama mahali pake, na Jairus hakusema tena.

Onesmus aliinuka akiyumba, akamsaidia Ummi kusimama. Kidole kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Nenda ukapige kura yako, dada. Hakuna wa kukuzuia."

Ummi alijifuta vumbi, akaingia ukumbini, akakata kushoto moja kwa moja hadi darasa la mwisho ambako Bi Masuda, mwalimu wa chekechea, alikaa na sanduku na chupa ya wino. Hakuuliza njia. Foleni ikaendelea, watu wakiruka damu ili wasichafue viatu vyao vya Ijumaa.

Bwana Fawaz alifika baada ya sala ya alasiri, kura zimekwisha kuhesabiwa. Onesmus alikuwa amempita Jairus kwa kura moja. Mzee alimtazama Jairus aliyelazwa kwenye benchi na taulo jekundu usoni, kisha akatoa simu mfukoni.

"Mnataka niwaite polisi? Kuna nini hapa?"

"Alitaka kumzuia mama asipige kura," Onesmus alisema.

"Niapie. Hakuna kura iliyoibiwa?"

"Naapa kwa sikio la mtoto wangu."

Bwana Fawaz akairudisha simu mfukoni. "Basi polisi hawana kazi hapa. Mwenyekiti ni wewe, na hilo la mwalimu ukalimalize kesho."

Jairus akabebwa kwenda hospitali. Wazazi walimzunguka Onesmus, wakamshika mikono iliyochubuka, na yeye akalia mbele yao bila haya. Ummi alikuja mwisho, kidole amekifunga kwa mtandio. Alimwinamia sikioni ili wengine wasisikie.

"Mungu akuweke, kaka Onesmus. Zile mbili nilizokupigia asubuhi, hata hakuna aliyeniuliza."