Nyoka wa Njia Sita

Sekela aliandika neno "nyoka" mara ya sita, akalifuta, akaliandika tena. Kisha akamtupia jicho bosi wake, Mzee Barnaba, aliyekuwa akinywa chai pembeni bila habari.

Ukweli ni kwamba katika njia sita alizozipa neno hilo hapakuwa na nyoka, au kama alikuwepo, hakuwahi kumsumbua mtu.

Ilikuwa mwaka 2014, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule mjini Tunduma. Kwa miaka miwili Mzee Barnaba alikuwa amepanda na kushuka milima ya Ileje na kifaa chake cha GPS, akipima njia za watalii wa miguu. Alirudi na njia arobaini na moja. Sasa alitaka ziingie mtandaoni, na tena zitafutike: mtu wa Dar es Salaam au Ulaya aandike "kivuli" au "maporomoko", na njia zenye sifa hiyo zijipange mbele yake. Kazi ya Sekela ilikuwa kuipa kila njia maneno yake.

Tatizo lilikuwa zile sita za kushukia Mto Songwe, mpakani na Malawi. Watu wa Isongole waliziita njia za panya. Ndizo mama yake, Imelda, alizopitishia sukari kutoka Malawi, na sukari hiyo ndiyo iliyomsomesha Sekela kompyuta. Mwaka jana mama alikamatwa, akaponea chupuchupu. Hakimu alimwambia akirudia tena ni jela. Alirudia mwezi uleule.

Kuzifuta haikuwezekana, maana Mzee Barnaba alizijua zote kwa idadi na kwa malengelenge. Ndipo Sekela akapata akili ya nyoka. Nani atoe nauli yake kwenda kuumwa?

Alhamisi alimpigia mama yake.

"Mama, kesho usivuke. Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Mzigo umeshafika ng'ambo. Si ulisema umewazibia hao watalii?"

"Nimewazibia."

"Basi tulia, mwanangu. Una roho ndogo kama baba yako. Na kesho usinipigie, simu naizima, isije ikanililia porini."

Ijumaa asubuhi tovuti ilifunguliwa. Kwenye kioo cha kompyuta yakaanza kushuka maneno ambayo watu walikuwa wakiyatafuta. Sekela hakutulia. Aliinuka, akafagia chumba kilichokwisha kufagiliwa, akarudi, akasoma. Kahawa. Kivuli. Maporomoko. Kivuli tena. Hakuna aliyetafuta mto, wala mpaka. Kufika saa nne alikubali hata kikombe cha chai.

Simu ya Mzee Barnaba ikaita. Siku hiyo alikuwa akizipokea zote kwa spika, ili asifiwe mbele ya watu.

"Shikamoo mzee! Naitwa Venance, nafundisha chuo kikuu. Niko hapa Isongole na wanafunzi wangu. Mungu akubariki sana! Wiki nzima tunazunguka vilima hivi mikono mitupu. Leo asubuhi nimeandika neno moja tu kwenye tovuti yako, njia sita hizi hapa!"

"Neno gani hilo?" Mzee Barnaba aliuliza, uso umemkunjuka.

"Nyoka! Tunatafuta sumu yao, tunafanya utafiti wa dawa."

Sekela aliitazama orodha, akaipandisha mpaka mwanzo, mahali ambapo hakuwahi kuangalia. Lilikuwepo, la kwanza kabisa, juu ya kahawa.

Akashika simu yake, akampigia mama. Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Hapatikani.

"Lakini mwalimu, huko ni mpakani," Mzee Barnaba alikuwa akisema. "Msije mkapata matatizo."

"Ondoa shaka, mzee. Tangu Jumatatu tumepewa askari wa mpakani kumi na wawili, walikuwa wamekaa tu. Sasa ni kila njia wawili, na wao wameshatangulia."