Amri Isiyochujika

Nyumba zote za mtaa zilijiandika zenyewe. Mlango ukifunguliwa, bomba likitoa maji, mtu akikohoa, mstari mpya uliongezeka kwenye kumbukumbu, na kila Ijumaa mjumbe alipita kuisoma. Sheria iliruhusu kuchuja upuuzi tu: paka, upepo, mijusi ya ukutani.

Ijumaa hiyo, mwanamke aitwaye Sikudhani alimsikia mjumbe akibisha kwa jirani. Akakimbilia kibodi, akaiamuru nyumba imwonyeshe kila mstari wenye jina la Mbaruku. Kioo kikajaa pomoni: Mbaruku kanywa maji. Mbaruku kajigeuza. Mbaruku kalia. Mdogo wake huyo alipigwa marufuku kulala chini ya paa lolote mjini, na sasa alikuwa amejikunyata uvunguni mwa kitanda.

Akaandika amri ya pili: ondoa kila mstari wenye jina la Mbaruku. Kioo kikatakata. Akashusha pumzi.

"Dada, bado nimo?"

"Umeshatoka. Nyamaza basi, utatuponza!"

Hapo mstari mmoja ukachomoza chini kabisa: Sikudhani kaamuru Mbaruku aondolewe.

Miaka yote amechuja paka, na amri zake zilijiandika vivyo hivyo, ila nani angejali paka? Akaufuta. Ukazuka mwingine: Sikudhani kaamuru tena.

"Hodi wenyewe!"

Aliitoa mikono kwenye kibodi taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Karibu," akajibu.

Na nyumba ikaandika: Sikudhani kakaribisha mgeni, sauti inatetemeka.