Majibu Kutoka Mwanza

Daktari Theonest aliisoma karatasi mara mbili, kisha akaigeuza, kana kwamba upande wa pili kungekuwa na jibu jingine.

"Wamejaribu dawa kumi na moja," alisema. "Zote zimegoma."

Maige alivua kofia. "Hata ile ya chupa ya kahawia?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza kugoma, mzee wangu."

Dawa ile Maige aliijua kama njia ya kwake Samuye. Miaka minane aliinunua dukani Didia bila kumwuliza mtu. Kiwele kikivimba, sindano. Maziwa yakitoka na mabonge, sindano. Uvimbe ukinywea siku ya pili, chupa inarudi juu ya kabati kungoja ugonjwa mwingine. Ng'ombe wa kisasa alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyemsomesha binti yao, Nelly.

Afisa mifugo, Klara, alimwonya mpaka akachoka. "Baba Nelly, hivyo vijidudu huviui. Unavifundisha."

Mwaka jana, baada ya chuchu moja kufa kabisa, Maige alisikia. Akaitupa chupa. Mkewe, Mbuke, ambaye ndiye aliyekamua, akaanza kuosha kiwele kwa maji ya moto, kila chuchu na kitambaa chake, kwa mikono yake iliyojaa nyufa za jembe. Tope la zizi likakauka. Miezi tisa ikapita bila sindano hata moja. Majirani waliokuwa wakicheka wakaja kujifunza.

Kisha, mvua za masika zilipokatika, ikaja homa. Uvimbe mwekundu, wa moto, usiotaka kuguswa. Safari hii Maige hakukimbilia dukani. Alifanya kama alivyofundishwa: akatafuta mtaalamu, usaha ukachukuliwa ukapelekwa maabara ya Mwanza, akasubiri majibu siku nne huku hali ikizidi kuwa mbaya.

"Karibu mwaka mzima nimeacha, daktari," alisema sasa. "Nimeacha kabisa!"

"Umefanya vema. Lakini hivi vilishahitimu kabla hujaacha. Vilikuwa vinangoja ufa tu."

"Kwa hiyo?"

Daktari aliangalia dirishani. "Amekula chochote?"

"Tangu jana hata maji anakataa."

"Basi tumpunguzie maumivu. Sina kingine, baba."

Maige aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akatoka. Hakufika mbali, simu ikaita. Alikuwa Nelly, na sauti yake ilikuwa ya furaha.

"Shikamoo baba. Ng'ombe nimemkamua mwenyewe leo. Lita kumi na mbili! Meupe, safi, hata bonge moja hamna."

"Marahaba, mwanangu," Maige alisema, akasukuma mlango wa wodi ya wanawake. "Ngoja nimwambie mama yako, kama bado anasikia."