Kipara cha Mkononi

Baba aliponyoosha mkono achukue kikombe cha chai, niliudaka mkono huo kabla haujafika.

Baba ni seremala. Akimaliza kunoa patasi huijaribu kwa kunyoa nywele za mkono wake wa kushoto, kwa hiyo tangu utoto wangu mkono huo una kipara. Mwaka huu vidole vilianza kumtetemeka. Patasi zikawa butu, nywele zikaota, naye akaanza kusema atafunga karakana.

Nikamnunulia kibanio chenye gurudumu dogo. Unaifunga patasi humo na kuisukuma juu ya jiwe la kunolea, nayo haiyumbi hata mkono ukitetemeka.

"Hiki kigari cha kitoto?" alicheka. "Mwanangu, mimi nilikuwa nanoa kabla mama yako hajanikubali."

"Na nilikukubali kwa huruma tu," mama akadakia.

Sijui kubishana na baba. Nilikiacha kando ya jiwe, nikaondoka.

Sasa mkono wake ulikuwa mikononi mwangu. Juu kidogo ya kifundo ngozi ilikuwa laini kama ya kichanga, imenyolewa vizuri, bila mkwaruzo hata mmoja.

Mama alijitia kukoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

"Unacheka nini?" baba akauliza.

"Sicheki, baba."

Alishusha mkono wa shati, akapuliza chai iliyokwisha kupoa.

"Kile kigari chako kinapiga kelele," akasema. "Kitafutie mafuta."