Farasi wa Kutembeza Wageni Ufukweni

Farasi alikuwa na kidonda mgongoni, chini ya tandiko, kwa kuwabeba wageni wa hoteli ufukweni. Siku saba aliomba kupumzika. Bosi wake Kima, bingwa wa maneno, alitandaza leso juu ya kidonda kisha akaita wateja.

Alikuja Kiboko, aliyeamini kila alichoambiwa, akauliza, "Hachoki huyu?"

"Achoke na nini, mheshimiwa? Kazi yenyewe nyepesi, hata mimi naiweza."

"Vizuri. Basi leo nikupande wewe, yeye apumzike."

Kima akakohoa. "Samahani, bahari imechafuka. Tumefunga."

Maji yalikuwa yametulia kama ya kwenye beseni.

"Siku saba nakuonyesha kidonda, hukufunga," Farasi akasema. "Leo umetajiwa mgongo wako, bahari imechafuka."

Akalitupa tandiko mchangani, akaenda zake.