Tundu la Sindano Limeshapanuliwa

Mgeni wa suti nyeupe alipokanyaga mkeka wa wafiwa na viatu vyake, Oliva mjane alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Vitalis azikwe. Viatu vyenyewe vilikuwa vya ncha, vinang'aa mpaka jogoo akajiona ndani yake na kujiandaa kupigana.

"Mama Yasinta, umemwona mtani wako?" Fatu, jirani yake, alimnong'oneza. "Wenzake huvaa shati la marehemu. Huyu kajivika uaskofu!"

"Mwache, mama Jafari. Safari hii Tandahimba wametuletea fundi."

Ilikuwa siku ya kuanua matanga hapo Chiungutwa, na matanga bila mtani ni mboga bila chumvi. Mtani humsimanga marehemu, hudai nyumba, hudai hata mjane. Wewe unamkubalia yote kwa mdomo, kisha unakomboa mali yako kwa kuku. Mzee Dadi, mtani wao wa miaka yote, alikuwa amefariki, na ukoo wake uliahidi kumtuma mpwawe, ambaye hapo kijijini hakuna aliyewahi kumtia machoni. Kuku wa Oliva alikuwa amekwisha kufungwa miguu, anasubiri.

Na kicheko alikihitaji. Biashara ilipoachiwa huria, Masasi viliingia vyote kwa mpigo: wanunuzi binafsi wa korosho, mitumba, na wokovu wa kaseti. Vitalis alinunua kanda za askofu mmoja wa Dar es Salaam, akazisikiliza asubuhi na jioni mpaka betri zikatapika maji. Umaskini ni dhambi, kanda zilisema. Panda mbegu kwa mtumishi, uvune mara mia. Hela ya salfa ya kupulizia mikorosho akampelekea mtumishi. Ugonjwa wa ubwiriunga ukayapaka maua yote unga mweupe, na msimu ule hata popo walilala njaa. Mwanamume hakukoma! Kabla homa haijamchukua alituma ahadi ya mwisho huko Dar: shamba lote ni mbegu.

Hiyo ndiyo iliyomnyima Oliva usingizi. Shamba lilikuwa lake, amelirithi kwa mama yake kama ilivyo desturi ya huku, na hakuwa na kingine cha kumlishia Yasinta na wadogo zake. Mzee Husseni, mwenyekiti wa kijiji, ndiye aliyemtuliza.

"Ahadi ya mume wako ni upepo," alimwambia. "Bila kauli yako mwenyewe mbele ya watu, hakuna askofu atakayeokota hapa hata bibo bovu. Na hatakuja. Askofu gani atakula vumbi lote hilo kwa ajili ya maskini?"

Sasa mgeni alikuwa katikati ya ua, ananguruma. Sauti ileile ya kwenye kanda! Mpaka kile kikohozi kinachotangulia haleluya.

"Heri maskini? Nani kawadanganya? Mungu wangu mimi hapandi baiskeli!"

Watu wakapasuka.

"Bado mnaogopa tundu la sindano? Tumeshalipanua! Siku hizi linapita lori na tela lake!"

Fatu alijimwaga chini, kanga mdomoni. Kadiri walivyocheka ndivyo mgeni alivyozidi kuloa jasho na kupaza sauti, "Roho ameshuka! Chekeni, wapendwa, ni furaha hiyo!" Na mwenyewe hakutabasamu hata kidogo. Mzee Husseni, mikono mbavuni, aliapa kwamba marehemu Dadi, pamoja na ufundi wake wote, kwa huyu angebeba mkoba.

"Vitalis yuko wapi sasa?" mgeni aliuliza. "Amefika kwenye jumba lake la ghorofa! Lakini kasimamishwa nje, jua linamchoma, mlangoni wanamdai mbegu. Na mbegu imekaliwa na nani?" Akanyoosha kidole chenye pete mbili. "Na huyu mama! Mama, unamtoa mumeo juani au humtoi?"

"Namtoa!" Oliva aliitikia, mbavu hana.

"Unatoa shamba?"

"Chukua! Chukua na mikorosho yake, chukua na ubwiriunga wake!"

Mgeni akachomoa karatasi ndani ya Biblia, kisha kikopo cha wino. Ua mzima ukalia kwa kicheko: mtani kaja na wino kabisa! Oliva alichovya dole gumba akaligandamiza kwa madaha, halafu akaongeza na la mkono wa pili, kwa utundu tu. Mzee Husseni akatia saini yenye mikia mirefu, akagonga na muhuri wa kijiji, ambao haukutoka mfukoni mwake hata akiwa amelala. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

Mgeni akaikunja karatasi, akasema "Amina," akaingia kwenye gari lililokuwa likimngoja barabarani. Vumbi likafuata njia ya Masasi.

"Mbona kaondoka bila kuku?" Fatu aliuliza.

"Atarudi," Oliva alisema, bado anahema. "Mtani hamwachi kuku."

Hawajakaa sawa, baiskeli ikaingia uani ikaanguka pamoja na mwenyewe. Akainuka mwanamume aliyejifunga gunia kiunoni, masizi usoni, ungo kichwani.

"Shikamooni, wafiwa! Mnisamehe, basi la Tandahimba limekufa njiani," alisema, akiuweka ungo wake sawa. "Haya, yuko wapi mjane wangu? Na mbona mnacheka kabla sijaanza?"