Futi ya Sista Agripina

"Themanini na nne," Sista Agripina alisoma, akainama kuandika.

"Usiandike," alisema Zamoyoni. Alikuwa wa kumi na saba kupimwa kiuno asubuhi hiyo pale zahanati, katika utafiti wa wanawake ambao hedhi zao huruka miezi na sukari huwanyemelea kimyakimya. "Mimi fundi cherehani. Kiuno changu ni themanini na nane. Gauni hili nimejikatia mwenyewe juzi."

"Dada, futi haidanganyi."

"Ya kitambaa hudanganya ikizeeka. Inavutika."

Alitoa yake mkobani, mpya, akailaza mezani kando ya ile ya sista, ncha zikiwa sawa. Tisini ya sista iliangukia kwenye tisini na nne yake.

Sista alifunua daftari. Kurasa nzima za viuno vilivyoandikwa vyembamba kuliko vilivyo, na pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe: hana hatari ya sukari, hana hatari.

Akafungua mlango. Kwenye benchi wanawake waliokwisha kupimwa walikuwa wakicheka, wakijifunga khanga ili waondoke.

"Jamani, msiondoke," alisema.

Nyuma yake Zamoyoni alishaitundika futi yake mpya shingoni, kama yuko kibandani kwake.

"Nani wa kwanza?"